Databesi: mstari mmoja, sentensi moja

Ukimkuta mtu wa mwaka wa pili IT amekaa kwenye ngazi za chuo saa tatu usiku na desa la nomalaizesheni (kupanga tebo ili jambo moja lisiandikwe mara mbili) mkononi, anasoma aya ileile mara ya nne, muonee huruma, na mimi nilishakaa hapo. Hili somo la databesi, yaani kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta kwa mpangilio, linaanza kwa kukudanganya. Wiki za mwanzo ni tebo tu, unaona kama Excel yenye majivuno, wiki ya tatu umeandika SELECT yako ya kwanza (amri ya kuiuliza databesi) majibu yametoka unajiona fundi, afu wiki ya tano lekcha anaingia anachora mishale ubaoni, A inaamua B (yaani ukijua A umeshajua B), B inaamua C, na darasa zima linanyamaza kama limeambiwa boom, hela ya mkopo, limechelewa. Hapo ndo watu wanaanza kukariri. Fomu ya kwanza ya kawaida ni hivi, ya pili hivi, ya tatu hivi, wanamwaga kwenye UE, mtihani wa mwisho, wengine wanapita wengine wanakula sapu, mtihani wa marudio, na mwaka wa tatu kwenye projekti ya mwisho unakuta hata yule aliyepata A ana tebo moja yenye safu arobaini inaitwa "data".

Mimi nilielewa nikiwa nshamaliza chuo, tena siyo kwenye kitabu, ni kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, nilipojitia kimbelembele kumtengenezea mfumo wa madeni. (Wenye Kiswahili chao wanasema kanzidata, wengine hifadhidata, sisi darasani tulisema databesi na nitabaki hapo hapo. Halafu nikisema mstari namaanisha ule unaolala, safu ni ile inayosimama, maana kuna madesa yanaita vyote viwili safu na yamechangia sapu nyingi tu.)

Daftari la Mangi lilikuwa hivi:

12/3 Mama Asha – unga 2, mafuta nusu, sabuni – 7,900
12/3 yule wa boda – soda 2, mkate – 3,200
13/3 M/Asha kapunguza 5,000
13/3 Mama Asha (bondeni) – mchele 3 – 8,400

Mangi akilisoma hilo daftari halimsumbui hata kidogo. Anajua M/Asha wa tarehe 13 ndo yule yule wa tarehe 12, anajua wa bondeni ni mwingine kabisa, anajua yule wa boda ni yupi, anajua sabuni ni ile ya mche siyo ya unga. Yaani nusu ya databesi yake iko kwenye karatasi na nusu iko kichwani, na kazi ya kudizaini databesi, ukiondoa mbwembwe zote, ni kuhamisha ile nusu ya kichwani iandikwe mahali ambapo mashine isiyomjua mtu yeyote mtaani inaweza kuitumia bila kukosea.

Inahamishwaje? Kwa sentensi. Chukua tebo yoyote, ifikirie kama sentensi yenye mapengo, na kila mstari ni hiyo sentensi ikiwa imejazwa, na ni ya kweli. Tebo ya wateja ni "mteja namba fulani anaitwa fulani na anakaa mtaa fulani". Tebo ya bidhaa ni "bidhaa namba fulani inaitwa hivi na leo inauzwa shilingi kadhaa". Tebo ya mauzo, "mauzo namba fulani yalifanyika tarehe fulani kwa mteja namba fulani". Kama huwezi kuusoma mstari wako kwa sauti ukawa sentensi moja inayoeleweka, simama, usiandike CREATE TABLE, ile amri ya kutengeneza tebo, bado hujajua unachokihifadhi.

Na hii siyo njia yangu ya mkato, ndo ilivyo tangu asili. Edgar Codd, Mwingereza mmoja mtu wa hesabu aliyekuwa anafanya kazi IBM kule San Jose, California, alitoa karatasi yake mwaka 1970 akapendekeza data ziwekwe kwenye mahusiano, yaani hizi tebo, na akalijenga wazo kwenye mantiki, mambo ya kauli kuwa kweli au uongo. Kabla ya hapo mfumo kama IMS, ambao IBM waliutengeneza kwa ajili ya mradi wa Apollo wa kwenda mwezini, ulipanga data kama mti, shina tawi jani, na mwandishi wa programu alitakiwa ajue njia ya kupita hadi alifikie jani. Ukiuliza swali ambalo mti haukupangwa kwa ajili yake, pole. Codd akasema hapana, mtu aseme anataka nini, njia itafutwe na mashine. Miaka michache baadae, 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce hapo hapo IBM wakaleta lugha ya kuulizia, ikaitwa SEQUEL, baadae SQL. Kinachochekesha ni kwamba IBM wenyewe walijivuta mpaka watu wa Oracle wakawahi sokoni mwaka 1979. Codd alipewa tuzo ya Turing, ile kubwa kabisa ya watu wa kompyuta, mwaka 1981.

Sasa zile fomu za kawaida, ukizisoma kwa masikio ya sentensi, zinakuwa nyepesi mpaka unakasirika.

Fomu ya kwanza. "Unga 2, mafuta nusu, sabuni" kwenye kiboksi kimoja ni sentensi tatu zimepakiwa bajaji moja. Mangi akiuliza wiki hii zimetoka sabuni ngapi, itabidi mashine ianze kuchambua maneno, na mara ameandika sabuni, mara sabun, mara s/mche. Wengine wanadhani wamekwepa kwa kuweka safu bidhaa1, bidhaa2, bidhaa3, afu anakuja mteja wa vitu vinne. Dawa ni kuvunja, kila kitu kilichochukuliwa kinapata mstari wake kwenye tebo ya vipengele: "kwenye mauzo namba 41 kulikuwa na bidhaa namba 7, kiasi 2". Na hiyo hiyo ndo jibu la lile swali la mtihani la uhusiano wa wengi kwa wengi, mauzo mengi yana bidhaa nyingi na bidhaa moja iko kwenye mauzo mengi, huwezi kuliweka upande wowote, linahitaji tebo ya katikati. Kwenye michoro ya Peter Chen, ya mwaka 1976, ile yenye maboksi na almasi, tebo ya katikati ndo ile almasi ikiwa imekuwa kitu.

Fomu ya pili. Ufunguo, yaani kile kinachoutofautisha mstari mmoja na mingine yote, kwenye tebo ya vipengele ni vitu viwili kwa pamoja, namba ya mauzo na namba ya bidhaa. Ukiongeza humo jina la bidhaa, soma sentensi yako: "kwenye mauzo namba 41 kulikuwa na bidhaa namba 7, kiasi 2, na halafu kwa taarifa yako bidhaa namba 7 inaitwa sembe". Umeisikia ile "na halafu kwa taarifa yako"? Jina halihusiani na mauzo hata kidogo, linahusu bidhaa tu, nusu ya ufunguo. Litoe, lipeleke kwao.

Fomu ya tatu ni "kwa taarifa yako" ya mlango wa nyuma. Kwenye tebo ya wateja nilikuwa nimeweka mtaa, nikaona nisifanye mambo nusu nusu nikaweka na jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana Mangi deni likizidi anapeleka kesi kwa mwenyekiti. Ikawa hivi: mteja anaamua mtaa, mtaa unaamua mwenyekiti. Ndo ile mishale ya lekcha, A, B, C! Tatizo lake halionekani mpaka uchaguzi upite. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, mwenyekiti akibadilika inabidi ubadilishe mistari ya wateja wote wa mtaa huo, ukisahau mitatu basi mtaa una wenyeviti wawili na databesi inaapa kwamba wote ni wa kweli. Na ukimfuta mteja wa mwisho wa mtaa fulani, mwenyekiti wa pale anapotea naye bila kosa. Na mtaa ambao bado hauna mteja huna pa kumuandika mwenyekiti wake. Hizo ndo zile anomali tatu za kwenye desa, ya kubadilisha, ya kufuta na ya kuingiza, ambazo sisi tulikariri kwa Kiingereza kama majina ya dawa. Tebo ya mitaa, sentensi yake moja, "mtaa fulani mwenyekiti wake ni fulani", imeisha.

Kuna kiapo cha wanafunzi wa databesi kinachoigiza kile cha mahakamani: kila safu itegemee ufunguo, ufunguo wote, na si kingine ila ufunguo. Fomu tatu zote zimo humo.

Lakini hapa kuna mtego, na nimeona watu wenye kazi zao wakinasa, siyo wanafunzi tu. Ukishaelewa nomalaizesheni unakuwa na ugonjwa wa kuona marudio kila mahali. Mimi niliangalia nikaona bei iko kwenye tebo ya bidhaa, kwa hiyo kwenye vipengele sikuiweka, nikajisifu, nikasema jumla nitaikokotoa kwa kuunganisha tebo mbili. Wiki ya pili sembe ikapanda kutoka 1,800 hadi 2,000, Mangi akabadilisha bei, na deni la kila mtu aliyewahi kuchukua sembe tangu mwanzo likapanda usiku ule ule! Mama Asha alikuwa amechukua kilo 2, akaamka anadaiwa 400 zaidi bila kula chochote. Alikuja dukani na mdomo wake wote.

Kosa lilikuwa kwenye sentensi. "Leo sembe inauzwa 2,000" na "siku ile Mama Asha aliuziwa sembe kwa 1,800" ni kauli mbili tofauti, ya kwanza inabadilika, ya pili haibadiliki mpaka kiama. Kwamba siku ya kwanza namba zinafanana ni bahati tu. Kwa hiyo bei inakaa sehemu mbili na siyo marudio hata kidogo, na yeyote atakayekukata maksi kwa hilo mwambie asome sentensi kwa sauti. Hapa hakuna fomula, unamuuliza mwenye duka jambo hili likibadilika kesho, ya jana nayo ibadilike? Mteja akihama mtaa, unataka mauzo ya zamani yaonyeshe mtaa mpya au wa zamani? Mangi alisema mpya, anataka kujua pa kumfuata. Mwenye kampuni ya kusambaza mizigo angekujibu tofauti.

Funguo nazo zina vituko vyake. Namba ya mteja wengi wanataka iwe namba ya simu, kwani si kila mtu anayo ya kwake? Anayo, na anaibadilisha, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni inaweza kumpa mtu mwingine kabisa, sasa deni linahamia kwa mgeni. Na ukiiweka kama namba ya hesabu ile sifuri ya mbele inayeyuka. Basi tumia NIDA, namba ya kitambulisho cha taifa? Namba ya NIDA ina tarakimu 20, inaanza na mwaka wa kuzaliwa, na namba kamili kubwa kabisa inayoingia kwenye BIGINT ya kawaida ya biti 64, lile boksi kubwa la namba kwenye databesi, ina tarakimu 19. Haiingii. Hata ukiondoa alama ya hasi unaishia kwenye namba ya tarakimu 20 inayoanza na 18, na watu wetu wanaanza na 19 na 20, umekosa kwa kidogo tu. Namba usiyoijumlisha wala kuigawanya siyo namba, ni maandishi, iweke kama maandishi. Na zaidi ya hapo, deni la sabuni linahitaji NIDA ya mtu kweli? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kukusanya usichokihitaji ni kujitafutia kesi. Mpe mteja namba isiyo na maana yoyote, 1, 2, 3, Mama Asha mmoja 4 na Mama Asha wa bondeni 9, kazi imeisha.

NULL nitaipitia haraka ila usiidharau. NULL siyo sifuri wala siyo boksi tupu, ni "sijui". Yule wa boda hatukujua anakaa wapi. Ukiandika `SELECT * FROM wateja WHERE mtaa <> 'Bondeni'` (WHERE ni sharti la kuchuja mistari, <> ni "tofauti na") unategemea uwapate wote wasio wa Bondeni, na yeye hatokei, kwa sababu swali "je, sijui ni tofauti na Bondeni?" jibu lake ni sijui, na WHERE inapitisha kweli tu. Ripoti nyingi zinazopishana maofisini mchawi wake ni huyo.

Upande wa usimamizi, ambao chuoni unapewa wiki mbili za mwisho watu wakiwa wanawaza likizo, mimi ndo umenitoa jasho kuliko dizaini. Muamala kwanza. Neno tunalijua, tangu M-Pesa ianze Kenya 2007 na Tanzania mwaka uliofuata kila mtu anatuma miamala. Hela ikitoka kwako kwenda kwa Mangi ni mabadiliko mawili, kwako inapungua kwake inaongezeka, na umeme ukikatika katikati? Databesi inaahidi ama yote mawili ama hakuna, na inatimizaje? Inaandika kwanza kwenye daftari la kando, logi, kwamba nataka kufanya hili na hili, ndo inagusa tebo. Ikiamka baada ya umeme kurudi inasoma logi, palipo na COMMIT, alama kwamba muamala umekamilika, inamalizia, pasipo na COMMIT inafuta nyayo zake. Hiyo ni herufi A na D za ACID, ahadi nne za muamala, jina walilolitoa Theo Härder na Andreas Reuter mwaka 1983. C ni kwamba sheria ulizoziweka hazivunjwi, na I ni kwamba wawili wakiandika kwa wakati mmoja wasikanyagane.

Mimi BEGIN, amri ya kuanza muamala, niliipuuza mpaka fildi, yale mafunzo ya kazini. Ofisi siitaji. Nilitumwa kurekebisha mtaa wa mtu mmoja, nikaandika `UPDATE watu SET mtaa = 'Bondeni'` nikabonyeza enta kabla sijaandika WHERE, ikajibu kwa upole kabisa kwamba mistari zaidi ya elfu nne imebadilishwa. Sikupumua. Mji mzima umehamia Bondeni! Ningeanza na BEGIN ningeandika ROLLBACK, amri ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa, nikaenda kunywa chai. Tukakimbilia bakapu, nakala ya akiba, faili lipo, kila usiku linatengenezwa, ukubwa wake baiti 0, miezi kadhaa diski ilikuwa imejaa na hakuna aliyewahi kujaribu kulirudisha. Tulirudisha mitaa kwa mkono kutoka kwenye fomu za karatasi, siku nne, na yule mama wa masijala hajanisemesha mpaka namaliza fildi. Toka hapo naandika kwanza SELECT yenye WHERE ile ile, nahesabu mistari, ndo nageuza kuwa UPDATE, ndani ya BEGIN.

Indeksi ni kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu, badala ya kupekua kurasa zote unaenda moja kwa moja. Nyingi ni mti wa B, kazi ya Rudolf Bayer na Edward McCreight mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakiwa Boeing, ndiyo, wale wa ndege. Kila fundo likiwa na matawi 100, ngazi tatu zinafikia mistari 1,000,000, yaani unaruka mara tatu badala ya kusoma milioni. Usiweke kila safu lakini, maana kila ukiingiza mstari mpya indeksi zote nazo zinaandikwa, duka la Mangi halikuhitaji hata moja zaidi ya funguo.

Basi mfumo ukakaa sawa, kwenye laptop kuukuu na SQLite, programu ndogo ya databesi, ile ile iliyomo ndani ya simu yako. Salio sikulihifadhi popote, mauzo toa malipo, linakokotolewa likihitajika. Siku moja Mangi akaniita, "Kijana, hii mashine yako na daftari langu nani muongo?" Daftari linasema Mama Asha anadaiwa 2,900, mashine inasema 10,800. Bei safi, malipo 5,000 yapo. Nikatazama mauzo, yako mawili, tarehe moja, mteja mmoja, vitu vile vile vitatu, 7,900 mara mbili. Binti wa Mangi akaniambia, "Kaka, laptop iliganda kidogo nikabonyeza tena." Kwa databesi hakuna kosa, mtu anaweza kununua vitu vile vile mara mbili kwa siku, sentensi zote mbili zinawezekana. Ilikosekana alama ya kusema hii ni habari ile ile, na alama hiyo ilikuwepo siku zote, daftari lina kurasa na kurasa zina mistari. Tukaanza kuandika namba za kurasa kwa kalamu nyekundu, nikaongeza safu mbili kwenye mauzo, ukurasa na mstari, nikaziwekea UNIQUE, sharti la kutojirudia, kwa pamoja. Binti akajaribu kuingiza ya Mama Asha mara ya pili, mashine ikakataa, Mangi akacheka akarudi kupima mchele.